Ngozi ya Beberu na Pua ya Jirani

Wasikilizaji wa Masasi na Newala, na ninyi mlio huko bondeni mpaka kingo za Ruvuma, leo tuzungumze habari ya harufu. Ya majalala nimeshaisema mpaka sauti imekauka. Leo ni ya ngozi, hasa ngozi ya mbuzi iliyomo ndani ya nyumba ya mtu.

Ikipita Idi ya kuchinja, au vijana wakishatolewa jandoni na mbuzi wameshaliwa, ngozi hubaki nyingi kuliko wanaozitaka. Bei yake ilianguka zamani, na wachinjaji wengi wanaona afadhali waifukie kuliko kuhangaika kuisafirisha. Anayeiomba anapewa bure. Anakwenda nayo kwake, anaimwagia chumvi, anaiwamba ukutani, jua la Masasi linafanya kazi yake, na wiki haijaisha ngozi imekauka kau. Anaitandika chumbani kwa kusalia, au anaiweka sebuleni iwe pambo. Miezi inapita, hakuna anayelalamika. Halafu Desemba mvua inaanza kupiga bati, hewa inashika unyevu, na chumba kizima kinanuka beberu. Mwenye nyumba anajikaza, ila jirani hajikazi.

Hapo ndipo maarifa yanapoanza. Mmoja anawasha chetezo cha udi. Mwingine ananyunyiza marashi. Wa tatu anapaka mafuta ya taa, wa nne anachukua Jik. Udi juu ya uvundo unakuachia harufu mbili badala ya moja. Mafuta ya taa yanafukuza wadudu kweli, lakini yakishaingia kwenye ngozi hayatoki leo wala kesho. Jik ndiyo mbaya kuliko zote, maana inaila ngozi yenyewe, na ikikutana na siki au ndimu ambayo mwenye haraka ameiongeza, inatoa hewa ya sumu inayobana kifua. Msivichanganye hivyo kwenye beseni moja, hata kwa kufulia shuka.

Msimamo wangu ni huu: ngozi inayonuka ina kazi iliyobaki, na pua ikitulia itakuambia ni kazi gani.

Maana harufu zenyewe ni tofauti. Kuna ile ya beberu mwenyewe. Inatoka kwenye tezi za ngozi, nyingi zikiwa kichwani nyuma ya pembe na kuteremka shingoni, na dume asiyehasiwa anaizidisha kwa kujikojolea ndevu na miguu ya mbele anapotafuta majike. Kinachonuka humo ni asidi za mafuta, na kwa kuwa zimejificha ndani ya mafuta, maji matupu hayaziwezi. Utaosha mpaka kisima kikauke. Zinataka sabuni, na baada ya sabuni zinataka magadi, yale yale mnayotia kwenye maharage yaive upesi. Magadi yakikutana na asidi ile, yanaigeuza kuwa kitu kisichoruka hewani, na kisichoruka hewani hakifiki puani. Ipo pia njia fupi ambayo watu wanaionea uchungu: kata sehemu ya kichwa na shingo, itupe. Ngozi inapungua ukubwa, lakini sehemu kubwa ya ubeberu imeondoka nayo.

Kuna ile nyingine, ya kuvunda. Hiyo inachoma pua na kutoa machozi, ina ukali wa mkojo uliolala. Ni nyama na damu zilizobaki upande wa ndani, vijidudu vikazila. Ukali wake ni wa jamii ya amonia, kinyume kabisa na ule wa kwanza, kwa hiyo dawa yake nayo ni kinyume: siki iliyozimuliwa kwa maji, au ndimu, au maji ya ukwaju. Ukiweka magadi juu ya uvundo, unauamsha. Ndiyo maana utawakuta watu wawili sokoni wanabishana, huyu anaapa kwa magadi, yule anaapa kwa ndimu, na wote wanasema kweli, kila mtu kwa ngozi aliyokutana nayo.

Na ya tatu ni ya mafuta yaliyochacha. Ukiinusa ngozi ikakukumbusha karanga za mwaka juzi, ujue hapo hapakuparuliwa, au mtu alitaka kuilainisha akaipaka mafuta ya kupikia. Hii ndiyo ngumu, kwa sababu ngozi yenye mafuta ikianikwa kwenye jua kali, mafuta yanayeyuka na kuzama ndani. Jua tunalolisifu ndilo linalotuharibia.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu kuna ngozi ambayo hupaswi kuinusa kabisa. Mnyama aliyekutwa amekufa ghafla, tumbo limevimba, damu inatoka puani au nyuma wala haigandi, huyo achwe kama alivyo na afisa mifugo aitwe. Huo huenda ni ugonjwa wa kimeta. Vimelea vyake vinajifunga ndani ya ganda gumu na kukaa miaka mingi kwenye udongo, kwenye manyoya na kwenye ngozi kavu, havijali chumvi wala jua. Wala si habari ya machungani peke yake. Mwaka 2006 huko Scotland, na tena mwaka 2008 jijini London, walifariki watu waliovuta kimeta mapafuni, na vifo vyao vilihusishwa na ngozi za kuwambia ngoma. Mtu yuko mjini Ulaya, hana hata kuku, na ngozi ya mbuzi inamfuata huko huko. Kwa hiyo ngozi ya bure ina swali lake la kwanza: mbuzi huyu alichinjwa na nani, na alikuwa mzima?

Ikiwa jibu ni zuri, tuendelee.

Nendeni mkamtazame fundi ngoma anayeijua kazi yake. Anailaza ngozi kwenye gogo lililolainika kwa kutumika, manyoya chini, na ukingo mmoja anaubana kwa tumbo. Kisu chake hakina makali, kingekuwa na makali kingetoboa. Anaanzia kwenye paja. Pale kuna utando mwembamba, mweupe wenye ubuluu wa mbali, unaong'aa ukiwa mbichi. Anaukwaruza mpaka ncha yake iinuke, anaushika kwa kucha, anauvuta taratibu kuelekea mgongoni, na ukikatika anaanza tena. Chini yake ngozi ni nyeupe isiyong'aa. Popote panapong'aa bado hajamaliza. Kwenye mbavu na mkiani anakuta mafuta ya njano, anamwaga jivu kavu lililochekechwa, anasugua kwa kiganja mpaka jivu linakuwa donge, analiparua donge na mafuta yake, anamwaga jingine. Kisha anafanya jambo ambalo sijaliona likifanywa na mtu wa nyumbani hata siku moja: ananusa vidole vyake. Vikiteleza na kunuka, anarudi kwenye gogo.

Kazi hiyo peke yake, ikifanywa siku ile ile ya kuchinja, inaondoa zaidi ya nusu ya matatizo ninayoletewa hapa studio. Hakuna dawa ndani yake. Kuna mgongo kuuma tu.

Mwenye kutaka ngozi ya manyoya ashike tahadhari moja. Jivu likiwa kavu, upande wa nyama, ni rafiki. Likiloweshwa na maji linageuka kali na kulegeza vinyweleo. Fundi ngoma analitaka hilo, analoweka ngozi kwenye maji ya jivu makusudi ili manyoya yang'oke kwa mkono. Wewe unayetaka zulia utabaki na zulia lenye upara.

Sasa maji. Huku juu kwetu Newala maji yana historia yake. Udongo wa mchanga unameza mvua, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alishangaa kukuta watu wamejenga mbali na maji kwa hiari yao, na masimulizi ya Wamakonde wenyewe yanaeleza kwamba wazee waliyaepuka mabonde kwa sababu ya maradhi. Mradi wa mabomba wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na mpaka leo mama wa Newala anaijua thamani ya ndoo. Ukimwambia mtu aliyepandisha maji kutoka bondeni akasuuze ngozi ya beberu mara saba, utajibiwa vibaya na utakuwa umestahili.

Kwa hiyo nazungumzia ndoo chache. Ngozi iliyokwisha kuparuliwa itiwe chumvi ya mawe upande wa nyama, isiwe ya kunyunyiza. Ngozi mbichi ya mbuzi ya kilo mbili inataka karibu kilo moja, isuguliwe mpaka pembeni. Ikunjwe, iwekwe mahali penye mteremko ili maji yake yatoke, na kesho yake chumvi iliyolowa ikung'utwe na kutiwa nyingine. Maji hayo mekundu yanayotoka yamebeba sehemu ya harufu, msiyaache yatulie chini ya ngozi. Baada ya siku mbili tatu ioshwe kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu. Maji ya moto hapana, ngozi inajikunja na hairudi. Sabuni mara mbili, suuza, halafu ndoo yenye magadi kidogo kwa dakika chache tu, kwa sababu magadi nayo yakizidi yatang'oa manyoya. Suuza tena, na maji ya mwisho yawe na siki kidogo ili kilichobaki cha magadi kipoe. Hiyo ni ndoo tano hivi ukibana matumizi.

Mtu wa kawaida anaishia hapo, anaanika, anashukuru Mungu. Nami nasema hapo ndipo kazi ilipo nusu, na sisemi peke yangu.

Wasikilizaji Waislamu wanajua mlango wa kudibaghi ngozi. Mbuzi aliyechinjwa kwa sheria ngozi yake ni safi tangu mwanzo, kwa hiyo hukumu ya kuitakasa ngozi kwa kudibaghi inahusu zaidi ngozi ya mnyama aliyekufa. Lakini tazameni wanachuoni walivyoipima kazi yenyewe. Katika vitabu vya Kishafi vinavyosomwa pwani yetu yote, ukiwemo Minhaj wa Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kudibaghi ni kuondoa mabaki yote ya ndani ya ngozi kwa kitu chenye ukali, na jua na udongo havihesabiwi. Wanaoufafanua wanatoa kipimo: ngozi ikitiwa majini, uvundo usirudi. Miaka zaidi ya 700 iliyopita walishaijua Desemba ya Masasi.

Na Wakristo mnaijua nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, alikofikia Petro kule Yafa, katika Matendo ya Mitume. Nyumba ile ilikuwa kando ya bahari. Mtu wa kazi ile alihitaji maji mengi na majirani wachache.

Mfano wa ukali wanaousema wanachuoni ni tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna embe changa au pera bichi. Inashikana na nyuzi za ngozi, inazibana, vijidudu vinakosa cha kula hata unyevu ukirudi. Ngozi ya chumvi na jua imelala tu, ikipata maji inaamka. Ngozi ya tanini imegeuka kitu kingine. Pwani wana magome ya mikoko. Njombe wana miwati, na kampuni ya TANWAT iko huko tangu 1949 ikikamua dawa ya ngozi kutoka kwenye magome yake. Sisi tuna magome ya mwembe na ya myombo, na tuna kitu ambacho tunakichoma moto bila kukifikiria: lile ganda jembamba jekundu linalovuliwa kwenye kokwa ya korosho. Limejaa tanini. Vikundi vya akina mama wanaobangua wana magunia yake. Nashangaa kwamba tangu viwanda vya korosho vijengwe huku miaka ya 1970 bado tunaliona ni taka. Lakini sikilizeni vizuri, nasema ganda la ndani. La nje lina mafuta yanayobabua, kila aliyebangua kwa mkono ana kovu la kuonyesha, na ngozi iliyolowekwa humo itakubabua ukiikalia.

Chemsha maganda hayo mpaka maji yakolee rangi, yapoe kabisa, chuja. Usiitumbukize ngozi kwenye dawa kali siku ya kwanza. Dawa kali inafunga uso wa ngozi upesi na katikati inabaki mbichi, na katikati ndiko harufu inakojificha. Anza na maji mepesi, kila baada ya siku moja mbili ongeza yaliyokolea, igeuze asubuhi na jioni. Ngozi ya mbuzi inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kata kipande chembamba pembeni utazame: kikiwa na rangi moja toka juu mpaka chini, imeiva. Kikiwa na mstari mweupe katikati, irudishe. Manyoya meupe yatageuka rangi, hilo mlijue mapema ili msinilaumu.

Kuanika ndiko Masasi na Newala zinapoachana. Masasi chini ya majabali kuna joto, hofu yenu ni jua kuipiga ngozi ikakakamaa, kwa hiyo kivulini. Newala mna upepo mzuri wa kutosha pale ukingoni karibu na Shimo la Mungu, lakini mna ukungu. Ngozi ikilala nje inaamka imelowa, na kazi ya mchana wote imepotea. Jioni iingizeni ndani. Ikiwa na unyevu wa mwisho ivutwevutwe juu ya ukingo wa ubao, upande wa nyama, ilainike, na mafuta ya nyonyo kidogo sana. Manyoya yasuguliwe kwa vumbi la mbao kavu kutoka kwa seremala, kisha yakung'utwe. La mpingo msilichukue kwa wachongaji, linawasha.

Halafu jaribio. Lowesha kona moja, ifunike kwa kitambaa kwa saa nzima, inuse. Mkiona haya kuinusa, mwiteni yule jirani.

Ngoma ina hesabu yake, na hapa nawaonya wale wanaosikia tanini wakakimbilia vinganga vya babu. Ngozi ya ngoma haidibaghiwi. Ikilainika imekufa sauti. Lazima ibaki mbichi iliyokauka, ikazwe kwa vigingi vyake, na ndiyo maana wapigaji wa sindimba na wa midimu wanaziotesha ngoma zao moto wa nyasi kabla ya kucheza, unyevu utoke na sauti ipande. Ukisimama karibu ukasikia beberu akifuka kidogo, ni kawaida, akishakauka anatulia. Ngoma inayonuka siku zote iliwambwa na mafuta yake. Ikwaruzeni upande wa ndani kama mkono unafika, sugueni jivu kavu, futeni. Msiioshe. Kisha itundikwe juu jikoni palipo na moshi. Moshi wa kuni una vitu vinavyoikausha ngozi na kuizuia isivunde, na wadudu hawaupendi. Itanuka moshi, naam. Moshi jirani anausamehe.

Ujumbe mmoja niliopata unahusu ngozi za urithi. Mtu amefungua sanduku la marehemu mjomba akakuta ngozi ya chui inanuka, anauliza ataisafishaje. Huyo namjibu kwa ufupi: kabla ya magadi na ndimu kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ngozi ya chui, ya swala au ya mnyama yeyote wa porini bila kibali ni kukutwa na nyara za Serikali, na hakimu hataisikiliza habari ya mjomba. Nenda ofisi ya wanyamapori wewe mwenyewe kabla hujafuatwa.

Ya mbuzi ya zamani inayonuka inajaribiwa hivi. Shika kitita kidogo cha manyoya, vuta. Yakishika, kuna matumaini: upande wa nyama uparuliwe upya, vumbi la mbao kavu lisuguliwe kutoa mafuta, kisha ifungiwe kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na mkaa uliopondwa na kufungwa kwenye kitambaa, kwa wiki nzima au mbili, mkaa ukibadilishwa katikati. Manyoya yakitoka na kuja na ngozi ya juu, imeoza, na hakuna dawa. Ifukieni. Lakini msiifukie chini ya mkorosho mkidhani ni mbolea, ile chumvi yote bado imo ndani.